Barua ya Kitunguu Saumu

Kasansa, Mpimbwe
10 Oktoba 1976

Kwa mwanangu Theopista,

TANGAZO. Kwa niaba ya familia, na kwa huzuni ya kujaa kijiko cha chai, nasikitika kukujulisha kwamba masharubu ya baba yako, yaliyoota mwaka 1951 na kuishi kwa heshima zote miaka ishirini na mitano, yametoweka Jumamosi iliyopita kati ya saa mbili na saa mbili na robo asubuhi. Chanzo ni wembe. Nilipunguza kulia, kushoto kukaonekana kurefu. Nikapunguza kushoto, kulia kukaonekana kurefu. Wewe uliyesoma hesabu unajua mwisho wa mambo ya namna hiyo. Mama yako alinitazama akasema, "Karibu mgeni. Mwenyewe ametoka, hajasema atarudi saa ngapi."

Baada ya msiba huo, hujambo mwanangu? Joto la Dar es Salaam linakuacha usome? Sisi huku tunaendelea kusukuma siku. Shule ipo, watoto wapo, chaki hazipo. Lile darasa langu la watu wazima la saa kumi limebaki na wanafunzi kumi na wanne, na wa kwanza kwa bidii ni mama yako. Amefaulu hatua ya pili ya kusoma. Watu wanasema mwalimu kampendelea. Wangejua jinsi anavyonigombeza mbele ya darasa nikiandika vibaya ubaoni, wasingesema.

Hajambo, ila vumbi la Oktoba linamkwangua koo.

Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea kwa sauti, kama kawaida yetu, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye kiti chenye miguu mitatu na tofali. Uliandika kwamba muhula huu mnasoma makundi yasiyoshiba. Mama kashtuka. Anauliza kama hapo Mlimani chakula hakitoshi, atume mchele. Tafadhali tufafanulie, mimi nimeshindwa na nimejifanya najua.

Jambo lingine. Jirani yetu Severini, unamjua, anakohoa, mwezi wa tatu sasa. Watu wanamshauri kitunguu saumu. Mganga wa zahanati anamwambia mambo ya hospitali mjini Mpanda. Yeye amesema atafuata utakalosema wewe, kwa vile ndiye mtoto wa Kasansa aliyekwenda mbali kuliko wote. Kwa hiyo fikiri vizuri kabla ya kujibu, Daktari.

Mimi baba yako mwenye mdomo mtupu,
Ponsian


Dar es Salaam
30 Oktoba 1976

Baba mpendwa, shikamoo. Mama, shikamoo.

Mimi mzima kabisa. Nilipofika kwenye wembe nilicheka mpaka Prisila, tunayelala naye chumba kimoja, akaninyang'anya barua. Sasa anamwita mtu yeyote asiye na ndevu "mgeni". Poleni na vumbi. Mama, funika mdomo kwa khanga ukipepeta.

Mama, usitume mchele. Tunashiba. Wasioshiba ni kaboni.

Baba msomee hapa polepole. Kaboni ni kitu kidogo sana, hakionekani, lakini kina mikono minne. Kila mkono lazima ushike mtu. Kaboni akishika wanne tofauti, mkono mmoja kwa kila jirani, tunasema ameshiba, hana haja na mgeni. Lakini wapo kaboni wawili wanaoshikana wao kwa wao kwa mikono miwili miwili. Hao hawajashiba. Mgeni akipita, wanaweza kuachia mkono mmoja mmoja wakamkamata. Ndiyo maana mambo mengi hutokea hapo.

Sasa wawili hao wanaweza kuning'inia kwenye kitu kikubwa, kama tawi kwenye shina. Tawi likiwa fupi kabisa, limeshika shina kwa kaboni mmojawapo wa wale wawili wenyewe, linaitwa vinili. Zile santuri za padri zimetengenezwa kwa vitu vya ukoo huo. Likiwa na kaboni mmoja wa ziada katikati, hatua moja kutoka kwa wale wawili, linaitwa alili. Hatua moja tu, lakini tabia zinatofautiana kama mchana na usiku. Chukua klorini uipachike kwenye vinili: haitoki, unavuta mpaka unachoka. Ipachike kwenye alili: inaondoka upesi. Mwalimu wetu alisema inaondoka kwa urahisi kwa sababu anayeachwa hateseki peke yake. Ule upungufu anaobaki nao unagawanywa kati ya ncha mbili za alili, huku nusu, kule nusu, mpaka unakuwa mwepesi. Nilipenda sana hapo.

Na je, baba, jina alili limetoka wapi? Kwenye jina la Kilatini la kitunguu saumu! Wewe uliyetumikia misa ya Kilatini ungejua. Kile kinachonuka mikononi mwa mama akimenya ni alili zikiwa zimepachikwa kwenye salfa. Ukiponda punje, vitu viwili vilivyokuwa vyumba tofauti vinakutana na ndipo hiyo dawa inazaliwa, ndiyo maana kitunguu kizima hakinuki. Wataalamu waliitoa safi zaidi ya miaka thelathini iliyopita, wakaiweka kwenye kisahani chenye vijidudu, vikafa. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga. Juzi nilisimama darasani nikaeleza hayo yote na mwalimu akaniambia nimeeleza vizuri kuliko kitabu. Najisifu kidogo, mnisamehe.

Ila mwambie Severini: kisahani si kifua cha mtu, kitunguu ni cha kusindikiza tu, kukohoa miezi mitatu aende hospitali wakapime makohozi, na wakitaka kumlaza akubali alazwe, dawa zipo na watu wanapona.

Mtoto wenu,
Theo


Kasansa
21 Novemba 1976

Mwanangu mpendwa,

Kaboni mimi nakusalimu kwa mikono yangu yote. Nimehesabu, ni miwili tu, kwa hiyo sijui nimeshiba au la.

Barua yako imekuwa gumzo. Niliisoma nyumbani, kisha nikaombwa niisome darasani, kisha Ng'washi, yule mama wa Kisukuma wa ng'ombe, akataka aelezwe nje ya darasa kwa sababu alikuwa anakamua. Amekubali habari ya mikono minne. Anasema ng'ombe pia ana chuchu nne na zote lazima zipate mtu. Mama yako alikupigia vigelegele ulipofika kwenye bibi zetu kutokuwa wajinga. Tangu siku hiyo ananiita Vinili, eti amenivuta miaka ishirini na mitatu nitoke kwenye kiti nikachanje kuni na sitoki.

Vitunguu saumu sasa havipatikani Kasansa. Wafanyabiashara wa Ufipa wameletewa neema na hawajui imetoka kwa nani. Vinapondwa kwanza, kama ulivyosema, vyumba viwili vikutane. Severini anatafuna punje tatu asubuhi na tatu jioni, anakushukuru sana. Dawa hiyo hapa inaitwa "ya Theo".

Mvua zimeanza. Mama hajambo, anasalimu. Mwaka huu tumelima kipande kidogo cha mpunga, tumeamua kupumzika.

Baba yako,
Ponsian


Dar es Salaam
12 Desemba 1976

Baba na mama, shikamooni.

Mimi sijambo. Krismasi sitakuja, likizo ni ya siku chache, treni na lori vitaila yote. Nitawaona mitihani ikiisha mwezi wa tatu.

Baba, umeniandikia ukurasa mzima kuhusu kitunguu na hukuniambia kama Severini alikwenda hospitali. Alikwenda? Wamempima? Na kwa nini mmelima kipande kidogo? Mama hajawahi kupumzika mpunga tangu nizaliwe. Koo lake limepona? Nijibu haya matatu, mzaha uweke mwishoni.

Theo wenu


Kasansa
9 Januari 1977

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Tuko salama.

La kwanza: Severini atakwenda, tunangoja mvua ipungue, malori yanakwama mtoni. La pili: ni uvivu wangu. La tatu: linapona polepole. Barua hii mama hajaisikia, amejilaza kidogo.

Mzaha uko huku mwishoni kama ulivyoagiza. Jana nimesonga ugali mimi mwenyewe. Umetoka vipande vya kutosha kujengea msingi wa choo. Ng'washi amekionja kimoja akauliza kama kinauzwa kwa mfuko.

Soma mitihani yako, mwanangu. Usifikiri mambo ya huku.

Baba yako


SIMU YA MAANDISHI
MPANDA 5 FEBRUARI 1977
THEOPISTA MAMA MGONJWA SANA NJOO UPESI BABA


Dar es Salaam
13 Machi 1977

Baba, shikamoo.

Nimerudi salama. Natumaini unakula. Mwambie Ng'washi nimemshukuru kwa maziwa.

Siku zile kumi na mbili nyumbani sikuweza kusema na wewe. Kila nilipofungua mdomo palikuwa na mgeni wa kumpokea au chungu cha kuinjika. Sasa nasema.

Nilipopokea simu nilijua. Hakuna anayetuma simu ya "mgonjwa sana" kuhusu mtu aliye hai, huku chuoni kila mtu anajua hivyo. Lakini njia nzima, treni mpaka Mpanda, na zile siku nne tulizokaa kando ya mto tukingoja maji yapungue, nilijilazimisha kuamini neno lile kama lilivyoandikwa. Kisha nikashuka kwenye lori pale Kasansa na aliyekuja kunipokea alikuwa Severini. Alibeba sanduku langu kichwani akapanda nalo kile kilima akiongea njia nzima, na hakukohoa hata mara moja. Nilimuuliza kifua kinaendeleaje. Akasema, "Kifua kipi, binti yangu?"

Nilisimama pale pale.

Matangani wanawake walinishika mikono mmoja baada ya mwingine. "Mama yako alikunywa dawa yako mpaka mwisho." "Alikuwa anasema, hii ya mwanangu." Walikuwa wananishukuru, baba. Na shangazi akaniambia, "Hospitali alikataa, alikuwa anaiamini ya kwako." Kaburi lilikuwa na siku tano.

Nimeikumbuka barua yangu neno kwa neno. Kurasa tatu za kujisifu, na jambo la maana nikaliweka mstari wa mwisho, kama mtu anayekumbuka chumvi watu wameshanawa. Mama alisikia alili, akasikia vijidudu vimekufa, akafurahi, na hospitali ikampita. Ningeanza na hospitali, angekwenda. Nilikuwa naonyesha nimesoma.

Mtihani wa kemia sikuingia. Fomu ya kuacha masomo ninayo hapa mezani. Nitaijaza Pasaka ikipita, nirudi nyumbani nilime. Sitaki kumweleza mtu kitu chochote tena.

Usinilaumu. Au nilaumu, ni haki yako.

Mtoto wako,
Theopista


Kasansa
27 Machi 1977

Mwanangu Theopista,

Marahaba. Barua yako imefika Jumatano. Mimi mzima, nakula. Leo sina tangazo.

Fomu hiyo usiijaze kwanza. Soma hii mpaka chini, halafu ufanye utakavyo.

Mama yako alianza kukohoa mwezi wa nane. Mganga wa zahanati alimwambia aende Mpanda akapimwe, na akamwambia wazi kwamba kikiwa kifua kikuu watamlaza miezi mingi, sindano kila siku. Matangani ulisikia kwamba alikataa. Hakukataa. Watu walisema hivyo na mimi nikawaacha waseme, mpaka nikawa naitikia kwa kichwa. Yeye alisema hivi, anachambua mchele: "Baba Theo, muulize mtoto. Ila usinitaje mimi, atashindwa kusoma. Akisema niende, nakwenda." Ndipo nikaazima kifua cha Severini bila yeye kujua.

Barua yako ilikuja. Akakaa kwenye kigoda chake. Nikamsomea kaboni na mikono, akacheka. Nikamsomea alili. Nikafika chini ya ukurasa wa tatu, nikauona ule mstari. Niliuona wote kwa mara moja, jinsi mtu anavyomwona nyoka njiani. Nikakunja karatasi nikasema, "Anasalimu, amemaliza."

Darasani nilisoma vile vile, nikaishia pale pale.

Nataka kukupa sababu na sina sababu nzuri. Sikufikiri kwamba atakufa. Nilifikiria nyumba. Tangu tuoane sikuwahi kulala katika nyumba asiyokuwamo, isipokuwa alipokwenda misheni kukuzaa wewe, na siku zile nne nilikula mihogo mibichi na kulala nje kwenye mkeka kwa sababu ndani kulikuwa kimya. Watu wanacheka nikisema sijui kupika, na mimi nawachekesha makusudi. Mwaka mzima bila mama yako, Theo, niliuogopa kuliko nilivyoogopa kikohozi. Kaka yake Severini alilazwa huko mwaka na nusu, na alirudi mnene, nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa najua kwamba watu wanarudi. Nikajiambia kitunguu kitatosha mpaka Krismasi. Kisha mpaka shule zifunguliwe. Kisha mpaka mvua ipungue, na mvua ndiyo kwanza ilikuwa inazidi. Mtu mzima, mwalimu, kazi yangu ni kuwafundisha wenzangu kusoma.

Kwa hiyo usiseme uliliweka mwisho. Ungeliweka mwanzo ningeruka mwanzo. Uliandika lililotakiwa kuandikwa, na uliliandika kwa wakati. Lilifika mpaka kwenye mkono wangu na halikupita hapo.

Tarehe kumi na tisa Januari alitema damu kwenye beseni la vyombo. Siku mbili tulingoja lori barabarani, ya tatu likapita. Mpanda daktari kijana aliniuliza tangu lini. Nikasema tangu Agosti. Hakunigombeza. Aliandika tu, na sindano zikaanza mchana ule ule, lakini alisema mapafu yameliwa sana. Mama yako alikaa siku kumi na tatu. Alikuwa anawaambia manesi mtoto wake anasoma vitu visivyoonekana. Ijumaa tarehe nne Februari saa saba mchana aliomba maji, nikaenda kuyachota, niliporudi muuguzi alikuwa ameshamfunika. Hata hapo sikuwepo. Nikaenda posta siku ya pili nikaandika "mgonjwa", kwa sababu neno lenyewe halikutoka, na karani hakuniuliza, alijua.

Limebaki moja, hili hata padri sijamwambia.

Siku tunangoja lori, yeye amekaa juu ya kifurushi, amejifunika kitenge, nilimwambia. Nilisema, "Mama Theo, barua ya mtoto ilikuwa na mstari sikuusoma."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama barabara. Akasema, "Naujua. Niliusoma mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, ulipokuwa shuleni. Ulinichukua asubuhi nzima. Lile neno makohozi lilinishinda mara tatu."

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukuniambia?

"Nilikuwa nangoja unisomee," akasema.

Lori likaja, tukapanda.

Ni mimi baba yako,
Ponsian